Kulipima Ford Model T barabarani na kuzijua kasoro zake

Simu ninazopigiwa ni zile zile. "Fundi, inawaka vizuri hapa uani, lakini nikitoka barabarani inakohoa." "Fundi, inachemka hata kabla ya kilima." Na ile inayonitia hofu: "Breki iko sawa, ila mara moja moja inapotea." Kueleza kwa simu kumenichosha, na anayeelezwa kwa simu hukumbuka nusu. Basi haya hapa yote, kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe.

Nimechagua Model T kwa sababu ndilo gari la kale ambalo mtu ana bahati kubwa zaidi ya kulipata. Liliundwa kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, na mengi yaliyoletwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni yalitoka kiwanda cha Ford cha Kanada, usukani ukiwa kulia. Injini ni ya silinda nne, lita 2.9, nguvu farasi 20. Halina pampu ya petroli, halina pampu ya oili, na ukiacha yale ya mwanzo kabisa, halina pampu ya maji. Hivyo vitatu haviwezi kukuharibikia. Vilivyobaki vyote vinaweza.

Shika jambo moja kabla hatujaanza. Unatoka barabarani kuitafuta kasoro, hutoki kuitengeneza. Anayegeuza skrubu njiani kila anaposikia mlio hurudi na kasoro mbili: ile aliyoondoka nayo na ile aliyoiongeza. Sikiliza, andika, kisha endelea au simama. Spana ni za gereji.

Pedali si zile unazozijua

Ukitoka kwenye Toyota, miguu yako itakudanganya. Pedali ya kushoto ukiikanyaga hadi chini ni gia ya kwanza. Ikiwa katikati ni nyutro. Ukiiachia ipande, na mkono wa breki umesukumwa mbele, ni gia ya pili, na hakuna nyingine juu yake. Pedali ya kati ni rivasi. Ya kulia ni breki. Mafuta hayana pedali: chini ya usukani kuna mikono miwili midogo, kwa kawaida wa kulia ni wa mafuta na wa kushoto ni wa taimingi, yaani wakati cheche ya plagi inapotoka. Mkono wa taimingi ukiwa juu, moto unachelewa. Ukiuvuta chini, moto unawahi.

Dereva wa kawaida akishtuka hukanyaga kushoto akidhani ni klachi. Kama anatambaa karibu na ukuta, amejitia gia ya kwanza na kujisukuma ukutani. Jizoeze uwanjani, saa nzima ikibidi, mpaka mguu wa kushoto usiwe na haja ya kufikiri. Kabla ya hapo usijipe kazi ya kusikiliza injini, maana hutasikia chochote isipokuwa moyo wako.

Unachohitaji

- Mtu wa pili wa kuandika na kusikiliza. Asiwe mwenye gari. Mwenye gari husikia anachotaka kusikia.
- Daftari na penseli. Kalamu ya wino hugoma kwenye karatasi yenye oili.
- Mtungi wa kuzimia moto, mahali mkono unafika. Usiuweke chini ya kiti, kwa sababu kwenye magari mengi haya tangi la petroli liko hapo hapo.
- Maji lita 10 na oili lita 2.
- Jeki, kabari mbili za mbao, kamba ya kuvutia.
- Spana, bisibisi, plaisi, fila geji ya kupimia mapengo, kipimo cha upepo, plagi moja ya akiba na koili (kiboksi kinachotengeneza cheche ya plagi) moja ya akiba iliyopimwa.
- Kijiti kikavu cha mbao, na kipande cha hosi ya mpira cha nusu mita. Nitakueleza kazi yake.
- Simu ya kukuonyesha mwendo. Kipima mwendo cha gari, kama kipo, usikiamini.
- Bima, na karatasi za gari.

Njia iwe ya kilomita 15 hadi 20: tambarare ndefu, kilima kimoja cha wastani, mahali pa kugeuzia, magari machache. Mimi hutoka Jumapili alfajiri. Matatu ikikukatiza mbele kwa mita kumi, breki ya miaka ya 1920 haitakuokoa hata ukiikanyaga kwa miguu yote miwili.

Hatua zenyewe

1. Anza na difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, hata kama uliyeletewa gari umeambiwa kasoro iko kwenye injini. Breki ya pedali haishiki magurudumu. Inashika ngoma iliyo ndani ya gia boksi, na nguvu yake hupita kwenye propela, ule mhimili mrefu wa kwenda nyuma, ikaingia difu, ndipo ikafika magurudumu ya nyuma. Chochote kikiachia katika njia hiyo, breki imekwenda nacho. Sasa, Ford alifunga ndani ya difu washa za babiti, chuma laini cha rangi ya fedha, na baada ya miaka mia nyingi zimemomonyoka. Washa zikisagika, gia kubwa husogea mbali na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na hapo huna mwendo wala breki. Hiyo ndiyo "inapotea mara moja moja".

Fungua plagi ya difu, chovya waya, paka oili kwenye karatasi nyeupe, ipeleke juani. Ikimetameta, gari haliendi popote. Isipometameta bado uliza: difu ilifunguliwa lini, na ziliwekwa washa za bronzi? Kama hakuna anayejua, ihesabu kuwa ni babiti na uifungue kwanza. Najua ni kazi ya siku mbili. Nimewahi kubembelezwa niiruke, nikakataa, mteja akaenda kwa fundi mwingine. Sijutii.

2. Breki ya mkono. Hii hushika ngoma za magurudumu ya nyuma moja kwa moja, kwa hiyo ndiyo akiba yako pekee. Weka kabari mbele, inua magurudumu yote mawili ya nyuma, vuta mkono hadi mwisho, kisha jaribu kuyazungusha. Yote mawili yakatae, na yakatae sawasawa. Magari mengi ya kabla ya 1926 yana viatu vya chuma kitupu. Vinalizuia gari likiwa limesimama, visitegemewe kulisimamisha likiwa kasi. Kama gari limefungwa breki za nyongeza za nyuma, kwa mfano zile za Rocky Mountain, una nafuu kubwa. Ukiwa hapo nyuma kaza nati za habu. Habu hukaa kwenye shafti iliyochongoka, na nati ikilegea kidogo tu, kinachobeba mzigo wote ni kifunguo kidogo cha chuma, ambacho hukatika.

3. Usukani na mbele. Inua ekseli ya mbele. Shika gurudumu juu na chini, litikise: likicheza, ni beringi au bushi za kingipini, pini ambayo gurudumu hukatia kona juu yake. Shika kushoto na kulia: mchezo hapo ni wa tairodi, chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya mbele. Kisha lala chini utafute pale vyuma viwili vya mshazari kutoka kwenye ekseli vinapokutana, kwenye kitufe cha mviringo chini ya injini. Mwenzako asukume gurudumu mbele na nyuma. Kitufe kikicheza, gari litatangatanga barabarani na wewe utaulaumu usukani bure.

Mwisho zungusha usukani hadi mwisho kila upande. Gia za usukani huu zimo juu kabisa, chini ya gurudumu la usukani lenyewe, na zikilika, mkono wa chini unaweza kupita kikomo chake ukageuka kinyume. Ukiona dalili yoyote ya kutaka kupinduka, acha hapo.

4. Magurudumu ya mbao na tairi. Gonga kila spoki kwa mpini wa bisibisi. Iliyokaza hulia "ti", iliyolegea hulia "tu". Kuna wanaomwagia maji ili mbao zivimbe. Hudumu mpaka jua litoke. Tairi za zamani ambazo ukingo wake hunasa kwenye mkunjo wa rimu zinataka upepo wa 55 hadi 60 psi, kwa sababu upepo ndio unaozishikilia. Ukizipa 30 kama za gari la kisasa, zitang'oka kwenye kona.

5. Maji, oili, petroli. Jaza rejeta, karibu lita 11. Kwa oili, gari likiwa mahali sawa na injini imezimwa kitambo, tafuta koki mbili kwenye gamba la flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), moja juu, moja chini. Oili ikichuruzika koki ya juu imejaa. Kiwango kisishuke kamwe chini ya ile ya pili. Petroli iwe zaidi ya nusu tangi. Hushuka kwenye kabureta kwa uzito wake tu, na tangi likiwa na kidogo kilimani, petroli inabaki nyuma. Ndiyo maana watu wa zamani walipanda milima mikali kwa rivasi. Angalia pia tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi. Likiziba, gari huenda dakika kumi, likazima, likapumzika, likawaka tena, na mtu akanunua kabureta mpya.

6. Pima mgandamizo kwa hendeli, ile ya kuwashia injini kwa mkono mbele ya gari. Swichi imezimwa, mkono wa breki umevutwa nyuma kabisa. Vuta hendeli polepole juu, nusu mzunguko mara nne. Kila mara iwe na uzito ule ule unaorudisha mkono kama springi. Moja ikiwa nyepesi, valvu, ringi au gasketi ya hapo haifungi, na hakuna kabureta itakayoitibu. Andika.

7. Liwashe. Mkono wa taimingi juu kabisa. Mkono wa mafuta ushushe kidogo. Breki ya mkono nyuma kabisa, si karibu nyuma: oili ikiwa nzito, klachi hubeba gari hata ikiwa nyutro, na aliyesimama mbele ni wewe. Vuta choki, piga nusu mizunguko miwili swichi ikiwa imezimwa, achia choki, weka swichi kwenye BAT (umeme wa betri), kisha vuta.

Onyo: vuta kutoka chini kwenda juu, usisukume kwenda chini. Kidole gumba kilale upande mmoja na vidole vingine. Ukiisahau taimingi chini, injini hupiga kinyume na hendeli inakuja na mkono. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na kifundo cha mkono kilichopinda, na siku ya kwanza hakusema neno, alikunja shati akatuonyesha.

Injini ikishika, vuta taimingi chini kiasi na ugeuze swichi kwenda MAG (umeme wa sumaku za injini yenyewe). Mlio ukipanda kidogo na kutulia, ni vizuri. Ukidhoofika, andika.

8. Breki uani kabla ya geti. Gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, kanyaga ya kulia. Gari lisimame bila kutetemeka na bila kuvuta. Rudia mara tano. Kisha kanyaga pedali ya kushoto kwa nguvu na kuiachia mara kadhaa. Likisita kabla ya kuondoka, bendi ya gia ya kwanza, mkanda unaobana ngoma yake ndani ya gia boksi, imelegea. Likitambaa lenyewe pedali ikiwa katikati, kitu kinakokota.

9. Kilomita ya kwanza. Kanyaga kushoto kikamilifu. Anayekanyaga nusu nusu anaichoma bendi. Likifika karibu kilomita 15 kwa saa, punguza mafuta, achia pedali ipande taratibu, ongeza mafuta. Usipite 30. Hapa sikiliza vitu vinavyozunguka na magurudumu: mlio unaofuata mwendo wa gari hata ukifunga mafuta hautoki kwenye injini. Tik-tik inayokwenda na mzunguko wa gurudumu ni spoki au habu. Mlio wa kusaga unaobadilika unapokaza na kulegeza mafuta ni wa difu.

10. Simama kilomita ya kwanza, uguse. Hatua hii huachwa na watu wengi, nami naipenda kuliko zote. Zima, shuka, gusa habu zote nne kwa nyuma ya vidole. Vuguvugu ni sawa. Moja ikikufanya uondoe mkono, beringi imebanwa au breki inakokota. Gusa gamba la difu. Tazama chini ya rejeta na chini ya kabureta. Nusa: petroli, mpira ulioungua na pamba iliyoungua ni harufu tatu tofauti, na ya mwisho ni bendi zako. Mwenzako aandike sasa hivi. Ukifika nyumbani utakuwa umesahau ni habu ya upande gani.

11. Tambarare. Panda hadi kilomita 45 au 50 kwa saa. Ndiyo kasi ya starehe ya gari hili. Uwezo wake wa mwisho ni kama 65 hadi 70, wala huna sababu ya kuutafuta leo. Fanya majaribio haya moja moja, kila moja kwa nusu kilomita:

Vuta taimingi chini kidogo kidogo mpaka injini iwe laini na nyepesi, kisha rudisha juu kidogo. Mahali hapo pawekee alama ya chaki.

Geuza swichi kutoka MAG kwenda BAT. Ikikohoa kwenye MAG na kutulia kwenye BAT, kabureta haina hatia.

Funga mafuta ghafla, subiri, fungua tena. Mlio mzito wa kugonga wakati wa kufungua, mlio wa kugonga wa haraka wakati wa kulegeza: kila mmoja una chanzo chake, tutauona chini.

Legeza mikono kwenye usukani, usiiachie. Gari likivuta upande mmoja, andika upande. Likitikisa magurudumu ya mbele kama mbuzi anayekataa kamba, punguza mwendo na urudi kwenye hatua ya 3.

12. Kilima na mteremko. Panda kwa gia ya pili hadi injini ianze kulia chini chini, rudisha taimingi juu kidogo, kisha shuka gia ya kwanza kabla haijazimika. Injini ikipanda sauti na gari lisiende: kwenye gia ya pili ni klachi, kwenye ya kwanza ni bendi. Kwenye kuteremka funga mafuta na uikanyage gia ya kwanza tangu juu, injini ikuzuie. Usiteremke nyutro kamwe.

13. Rudi. Liache lingurume dakika moja, zima. Toa plagi nne, zipange kwa mstari kwenye gazeti kwa mpangilio wa silinda. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi ya masizi, petroli imezidi. Nyeusi ya kunata, oili inapita ringi. Nyeupe kavu, petroli haitoshi. Weka kadibodi chini ya gari, nenda ukale.

Kasoro na mahali pa kuzitafuta

*Inakosa moto.* Washa, fungua kifuniko cha boksi la koili. Kwa kijiti kikavu, si kwa kidole, bana chini vibao vya koili ya 1 na ya 4 visitetemeke. Sasa injini inakwenda kwa silinda ya 2 na ya 3 peke yake. Zikipiga sawasawa, mgonjwa ni 1 au 4. Achia ya 4, bana 1, 2 na 3. Ikiwa ya 4 inapiga vizuri, mgonjwa ni 1. Ukishampata, badilisha plagi na ya jirani. Kasoro ikihama, ni plagi. Isipohama, hamisha koili. Isipohama tena, nenda kwenye taima, kifaa kinachogawa umeme kwa koili, pale mbele ya injini: waya umekatika ndani ya gamba lake, au kiroli kimelika. Ukishapima, pengo la plagi liwe kama inchi 0.025, na la pointi za koili 0.030.

Niliwahi kuletewa gari ambalo kabureta yake ilifunguliwa mara tatu na mafundi wawili. Waya wa taima wa silinda ya tatu ulikuwa mzima kwa nje, lakini ukiupinda unainama kama uzi wa mgomba. Shaba ya ndani ilikuwa imekatika, inagusana na kuachana kila injini inapotikisika. Waya ule haukunigharimu hata bei ya chai mbili. Tangu hapo, nikiambiwa "ni kabureta", naanza na moto.

*Nzuri kwenye BAT, mbaya kwenye MAG.* Kabla ya kulia kwamba sumaku zimekufa, fungua kishikio cha waya juu ya kifuniko cha gia boksi. Nyuzi za pamba kutoka kwenye bendi hukusanyika hapo na kuzuia umeme. Onyo: usiguse kishikio hicho kwa waya wa betri. Betri ikiingia huko inaziua sumaku 16 za flaiwili kwa mara moja, na hapo kweli utalia.

*Inagonga.* Kwanza rudisha taimingi juu. Mlio wa kugonga ukipotea ulikuwa wa taimingi, umemaliza. Usipopotea, hosi sikioni, ncha nyingine itembeze kwenye bloku, na bana koili moja moja. Ukibana koili fulani mlio ukanyamaza, konrodi ya silinda hiyo, chuma kinachounganisha pistoni na kranki, imelegea. Mlio mzito wa kugonga wa chini unaokuja injini ikibeba mzigo na usionyamazishwa na koili moja ni wa beringi kubwa. Mlio wa kukwaruza asubuhi unaopungua injini ikipata joto ni pistoni, unaweza kuishi nao. Konrodi usiishi nayo hata siku moja.

*Inachemka.* Swali langu la kwanza: mkono wa taimingi ulikuwa wapi? Wengi huuacha juu baada ya kuwasha, moto unachelewa, joto linaishia kwenye eksozi, eksozi inakuwa nyekundu. Pili mkanda wa feni. Tatu rejeta: likiwa moto, pitisha mkono mbele yake, sehemu baridi katikati ya sehemu za moto imeziba. Kisha kumbuka uko wapi. Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 tu, kwa hiyo gari lililotulia Mombasa linaweza kupiga mvuke huku bila kuwa na kasoro yoyote. Usifungue kifuniko cha rejeta likiwa moto.

*Nguvu imepungua baada ya kutoka pwani.* Injini hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1,000 unazopanda; hilo huna la kulifanya. Lakini hewa nyepesi pia huifanya petroli kuzidi. Injini ikiwa na joto, geuza kitufe cha sindano ya kabureta kulia mpaka injini ianze kusita, kisha kushoto kidogo kidogo mpaka itulie.

*Inapiga chafya kwenye kabureta.* Petroli haitoshi: sindano, uchafu kwenye chujio chini ya tangi, au hewa inayoingia pembeni ya manifoldi. Moshi mweusi ni kinyume chake. Moshi wa buluu ni oili.

*Bendi zimelegea.* Ya gia ya kwanza hukazwa kwa skrubu ya nje, robo mzunguko kwa wakati. Ya rivasi na ya breki zinataka ufungue mlango wa gia boksi. Kabla hujagusa nati yoyote humo, tandaza kitambaa kikubwa kuzunguka bendi na ukifunge kwa nje. Kijana wangu mmoja alidhani atakuwa mwangalifu. Nati ilipodondokea ndani tuliisikia, ting, kisha kimya. Tuliitafuta kwa sumaku na waya tangu saa nne asubuhi mpaka adhana ya magharibi.

Asubuhi yake

Gari likiwa baridi, soma kadibodi. Maji mbele, fuata hosi na gasketi. Kaza bolti za kichwa ukianzia katikati kwenda pembeni. Petroli popote pale, usiliwashe mpaka uijue inatoka wapi. Oili kwenye ngoma ya gurudumu la nyuma, sili imechoka na breki ya mkono imeshalowa. Matone machache ya oili chini ya gia boksi usiyaandike. Ukikuta kadibodi kavu kabisa hapo, chukua plaisi ufungue koki, uhakikishe ndani kuna oili.